Nili Katika Mitungi ya Achari

Watu wa Tongjing walipotaka kujua nani atawatawala wiki ijayo, hawakwenda kuuliza ofisini. Walipita nyuma ya nyumba ya Pu Suqiong, mtia rangi nguo, wakatazama mianzi yake ya kuanikia. Vitambaa vyekundu vikining'inia, Jenerali Hou ndiye mwenye mji. Vikiwa vya buluu, Jenerali Leng yuko njiani, na mwenye duka la fataki anaanza kupanga bidhaa zake mbele.

Sababu yake ilikuwa rahisi. Askari wa majenerali hao wawili walivaa sare zile zile za kijivu, walibeba bunduki za aina moja na kutukana kwa lafudhi moja ya Sichuan. Hou na Leng wenyewe walisoma shule moja ya kijeshi, wakala kiapo cha udugu kwa pombe iliyotiwa damu ya jogoo, na serikali ya jimbo kule Chengdu ikampa kila mmoja cheo kikubwa ili asimwonee mwenzake wivu. Haikusaidia kitu. Kati ya maeneo yao ulikaa mji wa Tongjing, na chini ya Tongjing kulikuwa na visima vya chumvi. Kwa miaka sita mji ulikuwa umetoka mkono huu kwenda mkono ule mara nne. Kilichomtofautisha askari wa huyu na askari wa yule ni utepe tu, upana wa vidole vinne, uliofungwa juu ya kiwiko cha kushoto.

Tepe hizo zilitoka kwa Suqiong. Alitia rangi, akakata, akapinda kingo kwa cherehani yake ya mkono. Aliwatengenezea wote wawili. Hakuna aliyemwuliza anampenda nani, naye hakumpenda yeyote.

Alikuwa na miaka arobaini na sita, na hakuwahi kukanyaga shule. Miaka mitano nyuma, wakati wa Leng, jeshi lilitaka wapagazi wa kubeba risasi milimani na kila mtaa ukaambiwa utoe wanaume kumi. Mjumbe wa mtaa wake alikuwa Du Bingnan, kaka mkubwa wa mumewe. Mjumbe Du alikuja mchana kweupe na karatasi, akakaa kwenye kigoda cha Suqiong, akanywa chai ya Suqiong, akasema, "Shemeji, hii ni ya mgao wa chumvi. Weka dole gumba hapa. Mumeo akirudi kutoka mtoni atakuta chumvi ndani."

Akaweka dole. Karatasi ilikuwa inasema kwamba nyumba hii imejitolea, kwa hiari yake, kumtoa mwanamume wake badala ya mtoto wa kwanza wa mjumbe. Mumewe hakumaliza mwezi. Aliyeleta habari alisema alizikwa kando ya njia, mahali fulani baada ya daraja la kamba, au labda kabla ya daraja. Mtoto wa mjumbe alioa mwaka ule ule. Nguo ya bibi harusi alitia rangi Suqiong, kwa sababu hapakuwa na mtia rangi mwingine.

Tangu hapo hakuweka dole lake kwenye karatasi ya mtu yeyote.

Alibaki na mtoto mmoja, Chuanlin, ambaye sasa alikuwa na miaka ishirini na moja, mrefu, mpole, mwenye kuchekacheka ovyo kama baba yake. Na katika mwezi wa nane wa mwaka wa kumi na nne wa Jamhuri ya China, wakati Tongjing iko chini ya Hou, askari walizingira soko la nguruwe wakakamata wanaume sitini wa kubeba mizigo. Chuanlin alikuwa amekwenda kununua chokaa ya mama yake. Wakafungiwa wote katika hekalu la mungu wa mji, kamba moja viunoni.

Suqiong alikaa jikoni siku nzima bila kuwasha moto. Asubuhi iliyofuata, mvua ikinyesha, Kapteni Qi akabisha hodi.

Kapteni Qi alikuwa msaidizi wa Kanali Fang, na Kanali Fang ndiye aliyeshika kikosi cha Hou pale mjini. Kapteni alikuwa kijana mwenye meno mabovu na mfuko uliojaa karanga. Alitazama dari.

"Mama, jiko lako linavuja."

"Linavuja tangu Leng alipoweka mzinga kwenye kilima. Umekuja kuliziba?"

"Nimekuja kukupa kazi." Akamenya karanga, akaweka maganda mezani kwa mpangilio. "Tepe mia sita. Siku nne."

"Nyekundu ninazo mia mbili tayari."

"Buluu."

Mvua ikadondoka ndani ya beseni.

Buluu ilikuwa imekatazwa. Kamishna Xiong, macho na masikio ya Jenerali Hou pale mjini, alikuwa ametoa amri mwezi wa tatu. Buluu ya zamani hakuigusa, maana Tongjing nzima ilivaa buluu na mji ungetembea uchi. Lakini buluu mpya, yoyote, ilikuwa kosa la kifo. Alikuja mwenyewe kwa Suqiong na askari wanne, akalifunika pipa kubwa la nili, rangi itoayo buluu, akabandika karatasi mbili zenye muhuri juu ya mfuniko kama anafunga jeneza. Mwezi uliopita askari wawili waliokutwa na vitambaa vya buluu ndani ya viatu walipigwa risasi mbele ya kiwanda cha chumvi.

"Afande, buluu imekatazwa," Suqiong akasema.

"Najua. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika gundi."

Hapo akaelewa. Kanali Fang anahama. Anampelekea Leng kikosi chake chote, na mji juu yake, kama zawadi. Na askari wake, wakishageuka, lazima waonekane wamegeuka, la sivyo watu wa Leng wakivuka mto watawapiga risasi pamoja na wengine. Utepe ulikuwa uhai wao.

"Siku ya tano asubuhi kikosi kinapanga gwaride," akasema kapteni. "Mtoto wako anatoka hekaluni kabla ya gwaride. Kamishna akinusa chochote kabla ya hapo, basi Chuanlin atatangulia mbele yetu sote na sanduku la kwanza la risasi. Kanali amesema hivyo. Mimi binafsi sina ugomvi na mtoto wako, anachekesha."

"Nitajuaje kwamba mtamtoa?"

"Unataka nikuandikie?"

"Karatasi zenu nazijua," akasema Suqiong. "Nataka nimwone leo. Nimpelekee chakula. Nikimkuta mzima, naanza tepe zenu."

Kapteni Qi alimtazama, kisha akakusanya maganda yake ya karanga mezani, hata vipande vidogo, akayatia mfukoni. Mtu makini. Hilo lilimtisha Suqiong kuliko maneno yake.

Hekaluni walimkuta Chuanlin amekaa kati ya wachimba chumvi wawili, chini ya sanamu ya karani wa kuzimu. Alikuwa na jeraha kwenye nyusi. Alipoona bakuli la tambi alicheka.

"Mama, umeweka pilipili?"

"Kula. Wamekupiga?"

"Mlango ndio ulionipiga. Mimi mrefu, wao walisahau." Akala kwa haraka, akamgawia mchimba chumvi wa kulia. Halafu akashusha sauti. "Wanasema tunakwenda milimani. Njia ile ile."

"Huendi."

"Nani kasema?"

"Mimi nimesema. Ukiona mtu yeyote anakuja kukuuliza mama yako anafanya kazi gani siku hizi, wewe mjinga. Umesikia? Hujui lolote. Ukiulizwa jina lako, fikiri kwanza."

"Hiyo haitanisumbua," akasema Chuanlin. Mchimba chumvi akacheka hadi kamba ikawavuta wote.

Alirudi nyumbani na bakuli tupu, akafunga mlango kwa komeo.

Juu ya pipa kubwa karatasi za kamishna zilikuwa kavu na safi. Lakini pipa lolote la nili lina tundu chini, la kutolea mashapo, limezibwa kwa kizibo cha mti. Kamishna alibandika muhuri wake juu. Hakuinama. Suqiong aliinama, akazungusha kizibo, akakinga ndoo sita za nili iliyolala miezi mitano bila kufa, inayonuka kama yai na nyasi zilizooza. Akaiamsha kwa chokaa, pumba na machicha ya pombe ya mchele. Akaimimina ndani ya mitungi mitatu mikubwa ya achari, ile yenye ukingo wa kuwekea maji, akaipanga karibu na jiko ipate joto. Majani ya haradali yaliyokuwa ndani aliyatupia kwenye mtungi wa nne.

Siku ya pili nili iliamka. Juu yake kulitanda povu la buluu lenye kumeta kama shingo ya njiwa. Aliliengua lote, akalificha ndani ya chungu, maana povu ndilo linalosema siri. Chini ya povu, nili yenyewe haina sura ya nili. Ni maji ya kijani yaliyoingia manjano, kama maji ya achari. Kitambaa huzama cheupe, hutoka cha kijani, na hubaki hivyo kwa pumzi chache tu kabla upepo haujakigeuza. Mtu asiyefanya kazi hii hawezi kujua. Ataangalia ndani ya mtungi na kuona chakula.

Akatumbukiza tepe mia kwa mia. Nje, chini ya upenu, alianika zile mia mbili nyekundu ili kila apitaye azione. Mvua haikukatika, na za buluu zilikauka ndani: juu ya jiko, kwenye kamba ya chandarua, chini ya godoro ambalo alilalia mwenyewe ili joto la mwili lizikaushe. Mikono yake iligeuka buluu hadi kwenye viwiko. Aliifunga matambara na kwa jirani aliyeuliza alisema amejimwagia magadi ya moto.

Siku ya tatu, saa sita mchana, akiwa na tepe mia nne na hamsini tayari, mlango ukagongwa kwa fimbo. Aliijua hodi ile ya fimbo. Akasukuma vitambaa vyote ndani ya kabati la mchele, akafungua.

"Shemeji," akasema Mjumbe Du, akiingia bila kukaribishwa, kanzu yake ya hariri ameipandisha isiguse sakafu. "Hali ya hewa mbaya. Nimekuja kukupa pole kwa ajili ya kijana."

"Pole za siku ya nne."

"Nilikuwa na shughuli za ofisi. Unajua mimi nisingeweza kuzuia. Safari hii sikuandika jina la mtu, waliokota tu sokoni."

"Safari hii," akasema Suqiong.

Mjumbe alijitia hamnazo. Akazungusha macho jikoni. Alikuwa na pua ndefu nyembamba, na sasa pua hiyo ilifanya kazi.

"Kunanuka nini?"

"Achari imeharibika. Chumvi haitoshi. Mgao wangu wa chumvi, shemeji, unakumbuka, ulipotelea njiani."

"Mikono imekuwaje?"

"Magadi."

"Hm." Akakaa kwenye kigoda kile kile. "Shemeji, mimi na wewe si maadui. Nitakwambia ninachokiona. Msaidizi wa Kanali Fang amepita mtaani kwangu mara mbili kwa siku tatu. Haji kununua suruali. Mtoto wako anakula tambi hekaluni wakati wengine wanakula uji wa maganda. Na wewe umeanika nyekundu nje kwenye mvua. Mtia rangi gani anaanika kwenye mvua? Ni mtu anayetaka zionekane." Akagonga fimbo sakafuni, taratibu. "Kamishna Xiong anatafuta mtu wa kusimamia ofisi ya chumvi. Mtu mwenye macho. Sasa, ukiniambia wewe mwenyewe, nitamwomba akuhurumie."

"Sina la kukwambia."

"Basi nitaangalia mwenyewe."

Alifungua kabati la nguo. Akachungulia chini ya kitanda, akainua godoro, akakuta unyevu tu. Suqiong alisimama kati yake na kabati la mchele. Alikuwa anawaza kuhusu kisu cha kukatia vitambaa, kiko wapi, na mara akawaza kuhusu hekalu, na kwamba mjumbe akifa humu kamishna atakuja kabla ya jioni. Aliachana na kisu.

Mjumbe alifika kwenye mitungi. Akainua mfuniko wa kwanza, akakunja uso kwa harufu, akachungulia. Maji ya kijani kibichi.

"Hii ndiyo achari?"

"Ndiyo."

"Mbona haina mboga juu?"

"Zimezama."

Alimtazama, na akatabasamu kwa mara ya kwanza. Suqiong alilijua tabasamu hilo. Mjumbe aliamini kwamba amefika: kwamba ndani ya maji yale machafu mjane amezamisha kitu, bunduki, barua ya Leng, vitambaa vilivyofungwa ndani ya ngozi. Mtu aliyekulia kwenye meza ya kuandikia, ambaye alimdharau mdogo wake kwa kuoa mwanamke mwenye kucha za rangi, hakuwahi hata siku moja kusimama kando ya pipa akaona kitambaa kinavyotoka.

Suqiong angeweza kumzuia. Neno moja lingetosha.

"Shemeji, usitie mkono humo," akasema, kwa sauti ya mtu anayeogopa, na hofu hiyo haikuhitaji kuigizwa. "Utaharibu achari yangu."

Mjumbe Du akavua kanzu, akakunja mikono ya shati hadi kwenye mabega, akaingiza mikono yote miwili.

Alipapasa chini kwa muda. Alihamia mtungi wa pili, akaingia hadi kwapani, shavu limegusa ukingo. Katika wa tatu alipata kitu. Akakivuta nje kwa shangwe: utepe mmoja uliosahauliwa, unachuruzika, wa kijani kama jani la kitunguu.

"Rangi gani hii?" akauliza, amevunjika moyo kidogo.

"Subiri," akasema Suqiong.

Wakasubiri. Mvua ilidondoka ndani ya beseni. Utepe ulianza kubadilika kwenye kingo, kisha katikati, kijani kikazama na kitu kingine kikapanda juu yake, hadi ukawa buluu ya Jenerali Leng, safi, isiyo na shaka. Mjumbe alifumbua mdomo kusema jambo la ushindi. Ndipo akaona vidole vilivyoshika utepe. Akaona viganja, vifundo, na mikono hadi kwapani, ikiiva buluu mbele ya macho yake.

Alisugua kwa shati. Shati likapata buluu pia.

"Leta maji."

"Maji hayatoi."

"Siki, basi. Leta siki."

Alimletea siki. Alimletea mchanga na majivu na brashi ya kusugulia sufuria, kwa adabu zote, kimoja baada ya kingine, kama mke wa ndugu anavyomhudumia mkubwa wa nyumba. Alisugua hadi ngozi ikatoa damu, na damu ilionekana nyeusi juu ya buluu.

"Itatoka lini?"

"Kwenye ngozi, siku kumi. Kwenye kucha, mpaka kucha ziote upya." Suqiong alifungua matambara yake, akaiweka mikono yake mezani karibu na ile ya mjumbe. Ilifanana kama ya mapacha. "Sasa nenda kwa kamishna, shemeji. Mwambie ulichokiona. Mwambie ulikiona kwa macho tu, hukushika chochote. Labda atakuamini."

"Nitamweleza nilikuwa natafuta."

"Wale askari wawili nao walieleza."

Mjumbe alikaa chini. Akaonekana mzee ghafla. "Wewe mwanamke ni nyoka," akasema.

"Mimi nilikwambia usitie mkono."

Alitoka na mikono ndani ya kanzu kama mtu mwenye baridi. Jioni mke wake alitangaza mtaani kwamba mjumbe amepata ndui, mtu asikaribie. Siku ya nne kamishna alimwita mara mbili kwa ajili ya orodha ya nyumba, na mara mbili mjumbe alirudisha jibu la ndui. Kila tarishi alipopita mlangoni kwake Suqiong aliacha kuzungusha cherehani na kuhesabu hatua. Alikuwa hajui kama woga wa mjumbe una nguvu kuliko tamaa yake. Hakulala wala hakula. Alipinda kingo.

Jioni ya siku ya nne Kapteni Qi alikuja na askari wanne kuchukua "achari ya kikosi." Walibeba mitungi mitatu begani. Juu majani ya haradali, chini tepe mia sita.

Asubuhi ya tano Chuanlin alitokea mlangoni kabla jua halijapanda vizuri, kamba bado imening'inia kiunoni. Suqiong alimshika nyusi, masikio, mabega, kama anayekagua kitambaa kwa matundu. Hakulia. Akamkatia kamba kwa kile kisu.

Ndipo wakasikia tarumbeta. Kikosi cha Kanali Fang kilikuwa kimejipanga mbele ya kiwanda cha chumvi, tepe nyekundu zimetupwa matopeni, na kila mkono wa kushoto ulikuwa wa buluu. Haikupigwa risasi hata moja. Kamishna Xiong alitolewa kwenye duka la chai na kiatu kimoja. Saa nne watu wa Leng walivuka mto, na mwenye duka la fataki, ambaye safari hii mianzi ilimdanganya, alilaani kwa sauti huku akikimbia kufungua makasha.

Suqiong alisimama mlangoni na mwanawe kutazama. Na katikati ya moshi wa fataki alimwona Mjumbe Du anatokea nyumbani kwake, amevaa kanzu mpya, amepona ndui kabisa. Mikono ya kanzu ilikuwa imekunjwa. Alikwenda moja kwa moja mbele ya farasi wa kamishna mpya wa Leng, akapiga magoti, akainua mikono yake miwili ya buluu juu ili kila mtu aione.

"Mheshimiwa," akasema, na sauti ilifika hadi mwisho wa mtaa, "siku tano sijalala. Tepe zenu nimezitia rangi kwa mikono hii, chini ya pua ya Xiong."

Kamishna mpya alishuka kwenye farasi akamwinua.

Kapteni Qi alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka pale. Alimenya karanga. Uongo ule haukumgharimu kitu, akauacha upite.

"Mama," akasema Chuanlin, uso umewiva. "Mama, nakwenda kusema."

"Unakwenda wapi? Ingia ndani."

"Anakuibia mbele ya watu."

"Aliniibia baba yako. Hii ni nini? Ingia ndani, ule."

Baada ya siku sita Mjumbe Du akawa msimamizi wa ofisi ya chumvi. Alitembea mjini mikono imekunjwa, baridi au joto, na kucha zake zilipoanza kuota nyeupe watu walisema alikuwa anazipaka upya kwa brashi. Alipompita Suqiong alimwinamia kichwa kidogo, kama tajiri kwa mtumishi wake wa zamani. Suqiong alirudi kutia rangi suruali za wakulima. Uchungu wake haukuwa na mahali pa kwenda. Lakini alifanya jambo moja: alimtuma Chuanlin apandishe mto, kwa mashua ya chumvi, hadi kwa mjomba wake katika wilaya ambayo haikuwa na kisima wala barabara wala kitu ambacho jenerali yeyote angekitaka. "Usirudi mpaka nikutumie kitambaa," alimwambia. "Cheupe. Chenye rangi yoyote, usirudi."

Mwaka mpya ulipita. Katika mwezi wa pili Chengdu ilimpa Hou cheo kingine na mizinga minane, na Leng akaanza kuondoa fanicha zake nzuri. Siku moja asubuhi mtu wa Hou, amevaa kama muuza mafuta, aliweka kitambaa cheupe mezani kwa Suqiong. Tepe mia nane. Nyekundu.

Alikuwa na mikono ndani ya beseni la rangi nyekundu wakati mlango ulipogongwa. Safari hii haukugongwa kwa fimbo. Mjumbe Du aliingia na kubaki amesimama. Mikono ya kanzu yake ilikuwa imeshushwa hadi kwenye vidole.

"Shemeji, umesikia?"

"Nimepewa kazi. Hivyo ndivyo ninavyosikia."

"Wanajua jina langu. Hou ana orodha, na mji mzima uliniona." Akatoa karatasi kifuani. "Nimeandika maneno machache. Yanasema tepe za buluu zilitengenezwa na wewe, kwa amri ya Kanali Fang, na mimi sikuwa na habari. Wewe hawatakufanya kitu, unawatengenezea wote, wanakuhitaji. Si ndio ukweli, shemeji? Kila neno ni kweli. Weka dole tu."

Suqiong alitoa mikono kwenye beseni. Ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko, na maji yalidondoka sakafuni.

"Nisomee," akasema.

Alimsomea. Sauti yake ilikatika mara mbili. Ilikuwa kweli, kila neno, na pengine ni kweli pia kwamba wasingemfanya kitu.

"Umesoma vizuri," akasema Suqiong. "Lakini mimi sijui kusoma, shemeji. Siwezi kujua kama hayo ndiyo yaliyoandikwa."

Mjumbe alinyoosha mkono kama anataka kumshika kidole kwa nguvu. Alitazama ule wekundu unaochuruzika, akautazama mkono wake mwenyewe, akaurudisha. Kisha ngoma za jeshi zikasikika upande wa daraja, mbali bado, na akatoka mbio huku karatasi imebaki mezani.

Suqiong alipangusa ukingo wa beseni kwa karatasi ile. Akakamua kitambaa cha kwanza, akatoka nacho nyuma ya nyumba, akakitandika juu ya mwanzi. Siku hiyo hapakuwa na mvua. Watu walikuwa wameshaanza kupita na kutazama.